Konokono wa kilindini na kazi ya kumpa kiumbe jina

MNYAMA anaweza kuishi duniani kwa mamilioni ya miaka bila jina na asiumie hata kidogo. Balaa humjia siku binadamu anapofika pale alipo na kukitamani kitu kilicho karibu naye. Siku hiyo asiye na jina hana pa kuandikwa, na asiyeandikwa hana wa kumtetea. Ndiyo maana wiki hii nataka tuzungumzie konokono.

Usicheke, mpenzi msomaji. Huyu si yule wa shambani anayekula sukuma wiki zako usiku ukilala. Huyu anaishi katika Bahari Hindi, bahari hii hii yetu, ila chini kabisa, kati ya mita 2,400 na 2,900, mahali ambapo mwanga wa jua haujawahi kufika. Huko kuna nyufa ambamo maji ya bahari huzama, yakachemshwa na miamba ya moto, kisha yakafoka tena yakiwa yamebeba chuma, shaba na salfa. Yanapokutana na maji baridi ya bahari, madini hayo huganda na kujenga dohani ndefu zinazofuka moshi mweusi. Kandokando ya dohani hizo ndipo anapokaa mzee wetu.

Ana nini cha ajabu? Mguu wake umefunikwa mamia ya magamba magumu yanayopandana, na katika makundi mengi magamba hayo yana chuma ndani yake. Tabaka la nje la nyumba yake nalo lina chuma. Katika wanyama wote walio hai wanaojulikana, hakuna mwingine anayeitumia salfaidi ya chuma katika kiunzi chake. Moyo wake ni mkubwa kupita kiasi, takriban asilimia 4 ya ujazo wa mwili mzima. Chakula chake hasa hakipiti mdomoni: kooni ana tezi kubwa iliyojaa bakteria, na bakteria hao huichakata kemikali ya maji yale na kumlisha mwenyeji wao kutoka ndani. Ni kama mpangaji anayelipa kodi kwa kumpikia mwenye nyumba.

Aligunduliwa mwaka 2001 katika eneo liitwalo Kairei, kusini mashariki mwa kisiwa cha Rodrigues. Mwaka 2003 Anders Warén na wenzake walichapisha makala katika jarida la Science wakieleza maajabu ya magamba yake. Lakini ukiisoma makala ile, utaona kwamba anaelezwa tu kuwa ni konokono mwenye magamba ya chuma. Jina rasmi hana. Alikuja kupewa jina mwaka 2015, katika makala ya Chong Chen na wenzake watatu iliyotoka katika jarida la taaluma ya moluska, Journal of Molluscan Studies. Tangu hapo anaitwa Chrysomallon squamiferum. Hesabu mwenyewe: miaka 14.

Sasa swali linalonihusu mimi kama mtu wa lugha ni hili: kwani kumpa mnyama jina ni kazi ya miaka 14? Si unamtazama tu, unamwita unavyotaka, mambo yanaishia hapo?

La hasha. Kumtambua ni jambo moja, kumfafanua ni jingine, na kumpa jina ni la tatu.

Tuanze na kumtambua. Anayeokota konokono kilindini ni lazima kwanza ajiulize kama huyu hajafafanuliwa tayari na mtu mwingine, pengine miaka mia iliyopita, kwa Kijerumani au Kilatini. Kwa hivyo hufungua maandishi ya watangulizi, akalinganisha umbo, meno, viungo vya ndani na, siku hizi, DNA. Rangi peke yake haiaminiki. Mwaka 2009 Wajapani waligundua eneo jingine liitwalo Solitaire, na hapo wakawakuta konokono wenye magamba kama wale wa Kairei, ila hawa ni weupe. Magamba yao hayakuwa na chuma. Mtu wa kawaida angesema hawa ni wawili tofauti, kama vile usemavyo kunguru na njiwa. Lakini uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba mweupe na mweusi ni spishi moja. Wale wa Longqi, kusini magharibi kabisa mwa Bahari Hindi, ambao ni weusi kama wa Kairei, ndio waliotengana zaidi na wenzao, ingawa nao hawakutoka nje ya spishi hiyo. Jicho lilisema hivi, damu ikasema vile.

Mfano huo una funzo hata kwa lugha. Sisi watumiaji wa Kiswahili huainisha wanyama kwa macho na kwa matumizi. Vya pwani tumevipa majina mengi: kuna chaza, kuna kombe, kuna kauri, kuna kete ambayo jina lake tunalisikia hata kwenye bao, na kuna dondo, ile kauri kubwa yenye madoadoa ambayo kamusi za zamani zinaeleza kwamba mafundi wa kushona waliitumia kulainishia mishono. Kila kilichofika mkononi mwa mvuvi, jikoni au kwa fundi kilipata jina lake. Lakini hakuna mvuvi wa Lamu wala wa Pemba aliyetia nyavu mita 2,400. Jina la kiumbe wa huko haliokotwi kwa wazee. Ni lazima liundwe.

Linaundwaje? Utaratibu wa majina ya wanyama unaanzia kwenye toleo la kumi la kitabu cha Linnaeus, Systema Naturae, la mwaka 1758. Jina la spishi lina maneno mawili. La kwanza ni la jenasi, nalo huanza kwa herufi kubwa. La pili ni la spishi yenyewe, nalo huanza kwa herufi ndogo hata kama limetokana na jina la mtu au mji. Yote mawili huandikwa kwa italiki. Jina halihesabiwi mpaka lichapishwe likiandamana na ufafanuzi, na siku hizi ni lazima mwandishi ataje kielelezo mahususi, yaani mwili halisi wa mnyama mmoja uliohifadhiwa, ambao jina hilo linausimamia. Wataalamu humwita holotaipu. Mimi naona ‘kielelezo-asili’ lafaa. Ukizuka ubishi miaka mia ijayo, watu hawatabishania maneno. Watakwenda kwenye kabati la makavazi, watoe kielelezo-asili, watazame.

Jina likitajwa kabla ya masharti hayo kutimizwa huitwa kwa Kilatini nomen nudum, jina lililo uchi. Ajabu ni kwamba hata konokono wetu aliwahi kuvalishwa jina la aina hiyo: lilitajwatajwa katika maandishi kabla ya mwaka 2015, lakini kwa kuwa halikuwa na ufafanuzi, mbele ya sheria halikuwa jina. Kwa Kiswahili ningesema ‘jina tupu’. Sisi pia tunayo mengi. Tunaunda istilahi warshani, tunapiga makofi, tunakwenda kunywa chai, na neno linabaki bila fasili wala mfano wa matumizi. Halafu tunashangaa mbona halishiki.

Tukija kwenye maana, Chrysomallon limetoka katika Kigiriki: chrysos ni dhahabu, mallos ni manyoya. Ni kwa sababu pairaiti, mojawapo ya madini yaliyomo katika magamba yake, hung’aa kama dhahabu. Squamiferum ni Kilatini: squama ni gamba, na kile kiambishi cha pili kina maana ya kubeba. Mwenye manyoya ya dhahabu, mbeba magamba. Wahenga walisema jina jema hung’ara gizani. Hili limepelekwa kwenye giza lenyewe.

Hapo ndipo mtafsiri anapoanza kukuna kichwa. Nimejaribu kumwita ‘konokono mwenye magamba’. Ukilisema hilo mbele ya mwanafunzi wa Kidato cha Pili atakujibu, “Mwalimu, kwani kuna konokono asiye na gamba?” Naye ana haki. Kiswahili hutumia gamba kwa samaki, kwa nyoka, kwa kobe, na wengi hulitumia hata kwa nyumba ya konokono. Mnyama huyu ana vyote viwili: nyumba mgongoni na magamba mguuni. Tukiliacha neno moja libebe mizigo miwili, sentensi itaanguka.

Pendekezo langu ni kugawana kazi. Nyumba ya konokono tuiite kombe, neno la pwani la tangu zamani, hata kama masikio ya wengi wetu leo yanasikia Kombe la Dunia. Gamba libaki kwa vile vipande vidogo vinavyopandana. Hivyo tutasema ‘konokono mguu-magamba’, na hakuna atakayeuliza swali la yule mwanafunzi.

Wapo watakaosema: haya yote ya nini, si tuyachukue maneno ya Kilatini yalivyo, maana sayansi ina lugha yake? Hoja hiyo naiheshimu, lakini hebu tuyafungue hayo maneno ya Kilatini tuone yameficha nini. Katika ufafanuzi wa kombe la konokono kuna umbilicus. Maana yake ni kitovu. Kuna sutura, mstari unaounganisha pindi moja na jingine. Maana yake ni mshono. Kuna operculum, kipande kinachoziba mlango konokono akiingia ndani. Maana yake ni kifuniko. Kuna columella, mhimili wa katikati. Maana yake ni kiguzo. Kuna radula, ule ulimi wenye vijino vingi. Maana yake ni kikwaruzo. Na magamba yanayopandana husemwa kuwa imbricatus, kutokana na kigae cha paa la Waroma.

Kwa maneno mengine, hakuna siri. Mroma alitazama konokono akaona kitovu, mshono, kifuniko, nguzo na paa la nyumba yake. Ni maneno ya jikoni na ya fundi, tena ya kawaida kabisa. Yamekuja kuonekana mazito kwa sababu tu hatukikui Kilatini nyumbani. Mswahili akitazama magamba yale yale ataona makuti yalivyopangwa juu ya paa, la juu likilalia la chini. Basi na aseme ‘magamba yaliyopangwa kimakuti’. Hajapunguza usayansi hata chembe. Amefanya kile kile alichofanya Mroma.

Nimejaribu kuandika ufafanuzi mfupi kwa mtindo wa wataalamu, ambao hubana maneno na kuacha vitenzi vingi:

Kombe: mviringo, lenye mapindi matatu, ncha bapa, iliyolika kwa watu wazima, uso wenye mbavu na mistari myembamba ya ukuaji. Kinywa cha kombe: cha duaradufu. Mguu: mnene, wenye magamba kila upande, yaliyopangwa kimakuti, meusi kwa makundi yenye chuma, meupe kwa kundi la Solitaire. Jinsia: kila mmoja ana viungo vya kiume na vya kike. Ukubwa: kombe hufikia milimita 45 hivi.

Angalia jambo moja hapo. Katika lugha nyingi, ukiacha kitenzi na nomino msomaji hupotea: kipana ni nini, kirefu ni nini? Kiswahili kina upatanisho wa kisarufi. Nikiandika ‘lenye’, ujue ni kombe. ‘Cha’, ni kinywa. ‘Wenye’, ni mguu. ‘Meusi’, ni magamba. Viambishi vya ngeli, vile tunavyovilaumu kuwa vigumu siku ya mtihani, ndivyo vinavyoshika kamba ya maana pale maneno yanapopunguzwa. Kwa kazi hii ya kufafanua viumbe kwa ufupi, lugha yetu imejaliwa.

Na kwa kuwa tumegusa ngeli, tutatue lile linalowasumbua waandishi wengi, hata humu magazetini. Je, tuseme “Chrysomallon squamiferum anaishi” au “inaishi”? Ukimtaja mnyama mwenyewe, tumia ngeli ya A-WA: Chrysomallon squamiferum anaishi kilindini. Ukitaja spishi kama kundi katika orodha ya wataalamu, upatanisho ufuate neno spishi: spishi hii inapatikana Bahari Hindi. Ukitaja jina, ufuate neno jina: jina hili lilichapishwa 2015. Usichanganye zote tatu katika sentensi moja. Na jina la kisayansi usilibandike kiambishi cha wingi. Sema ‘konokono hawa’, yatosha.

Jambo jingine watu wengi hawalijui: sheria ya majina haidai Kilatini wala Kigiriki. Inadai herufi za Kirumi. Neno lenyewe laweza kutoka lugha yoyote. Konokono mmoja wa kilindini, wa jenasi Alviniconcha, alipewa mwaka 2014 jina strummeri kumkumbuka Joe Strummer, mwanamuziki wa punk wa Uingereza, kwa kuwa kombe lake limejaa miiba. Ikiwa mwanamuziki ana nafasi, Kiswahili je?

Kinayo, na tayari kimeanza kuitumia. Mtambaazi wa kale aliyefafanuliwa mwaka 2010 kutokana na mabaki ya Tanzania anaitwa Asilisaurus kongwe. Dinosaria mwenye shingo pana, wa 2017, ni Shingopana songwensis. Mwingine wa 2019, aliyepatikana karibu na mto Mtuka na mwenye mfupa wa mkia wenye umbo la moyo, ni Mnyamawamtuka moyowamkia. Na mwaka huo huo, mabaki yaliyochimbwa magharibi mwa Kenya na kukaa miongo kadhaa katika droo za makavazi jijini Nairobi yalitambuliwa kuwa ya mla-nyama mkubwa mno, akaitwa Simbakubwa kutokaafrika, ingawa hana udugu na simba. Wataalamu wa dunia nzima, wa Beijing kwa wa Berlin, wanalazimika kutamka Kiswahili wakimtaja. Lakini hao wote ni wa nchi kavu na wa kale. Wa baharini, tena wa Bahari Hindi, bado tunawasoma kwa Kigiriki.

Turudi kwenye lile nililoanza nalo, maana hapa si suala la kupamba kamusi. Madini yanayomfanya konokono huyu kuwa wa ajabu ndiyo hayo hayo yanayotamaniwa na wachimbaji: shaba, zinki, dhahabu. Mamlaka ya Kimataifa ya Sakafu ya Bahari, yenye makao Kingston, Jamaica, ilitoa kandarasi ya kutafuta madini ya salfaidi katika Bahari Hindi kwa China mwaka 2011 na kwa Ujerumani mwaka 2015. Mwaka 2019 konokono huyu alijulikana katika maeneo matatu tu, na mawili kati ya hayo yalikuwa ndani ya maeneo yaliyotolewa kandarasi. Eneo zima anamoishi, ukiyajumlisha yote, ni dogo mno.

Mwaka huo 2019 ndipo alipoingizwa katika Orodha Nyekundu ya IUCN kama spishi iliyo hatarini kutoweka, moluska wa kwanza kuorodheshwa kwa sababu ya tishio la uchimbaji madini wa kilindini. Orodha hiyo kwa kawaida hupokea spishi zenye jina rasmi. Kama angebaki ‘yule konokono mwenye magamba’ wa mwaka 2003, angeandikwaje? Baada yake mlango ulifunguka: kufikia 2021 watafiti walikuwa wamepima spishi 184 za moluska wa matundu hayo ya maji moto, na asilimia 62 kati yazo zikaonekana kuwa katika tishio. Zote 184 zilipimika kwa sababu mtu fulani alikaa chini, akahesabu mapindi na meno, akaandika.

Sasa, sheria ya bahari inasema kwamba sakafu ya bahari iliyo nje ya mipaka ya nchi, pamoja na rasilimali zake, ni urithi wa pamoja wa binadamu. Kenya imeiridhia sheria hiyo. Kwa hiyo wewe unayesoma haya ukiwa Kakamega una sehemu yako kule Longqi, sawa na mtu wa Hamburg. Lakini nyaraka za mamlaka ile hutolewa kwa lugha sita: Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Mrithi hasomewi wasia kwa lugha anayoiota.

Sidai kwamba Kiswahili kitamwokoa konokono. Nadai kitu kidogo zaidi na, naamini, cha haki zaidi: usilolijua ni usiku wa giza, na hatuwezi kuulizwa maoni kuhusu kitu ambacho hatuna neno la kukitajia. Mwalimu wa Biolojia anayejua kombe, pindi, mshono, kitovu, kifuniko na kikwaruzo ana vifaa vya kutosha kuwaeleza wanafunzi wake kiumbe yeyote wa jamii hii, awe wa shambani au wa kilindini. Maneno hayo hayahitaji warsha. Yako kwenye midomo yetu tayari. Kilichobaki ni kuyafasili, kuyaweka vitabuni, na kuyatumia mpaka yazoeleke, yasije yakabaki majina tupu.